Aliyeulizwa ni Pepo

Ulikuwa mwaka wa sima ya manjano. Mtu wa Mombasa wa umri wangu ukimwambia hivyo haulizi ni mwaka gani, hukunja uso tu kama aliyenyweshwa dawa ya minyoo. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi meupe yakatoweka, ukaja unga wa melini, wa rangi ya bizari iliyopauka, una harufu ya gunia na ladha ya gunia. Sisi watu wa mtaa wa Kuze tuliojiona watu, tuliozoea mahamri na mbaazi asubuhi na wali wa nazi mchana, tukajifunza kula sima ile kwa mchicha, au kwa papa mkavu akipatikana, na asipopatikana papa ni sima na chumvi na pilipili ya kukamuliwa ndimu. Nazi zilikuwepo, mchele ndio ulioadimika, kwa hivyo tui tulilikamua tukalitazama. Watoto walikataa kula wakalia. Jirani yetu Bi Tima, ambaye ulimi wake ulikuna kuliko mbuzi ya nazi, alisema unga ule tumeletewa kwa makosa, walipelekewa kuku wa Ulaya na meli ikapotea njia. Hivyo ndivyo ninavyouita mwaka ule, kwa sababu jina lake jingine, mwaka aliokufa mama yangu, hunitoka kwa shida hadi leo.

Nimeanza kuukumbuka kwa sababu Mama Mkubwa naye amekufa. Bi Rehema, dada mkubwa wa mama yangu, amekufa kabla ya mfungo kuingia, nyumbani kwake Kuze, juu ya kitanda kile kile cha samadari nilichokijua tangu usichana wangu. Nilikwenda kumwosha. Hakuna aliyenizuia, na angenizuia nani, waliobaki katika nyumba ile ni watoto wa juzi na mimi ni nyanya wa watu, nina wajukuu na meno ya kubandika. Alikuwa mwepesi kama mkeka uliokunjwa. Tulipomaliza, kabla ya sanda, nikamtandazia shuka nyeupe kwa mkono wangu, kuanzia miguuni mpaka usoni. Halafu nikatoka ukumbini kupumzika, nikamkuta mjukuu wangu Nasra amekaa chini katikati ya wanawake, mkono kifuani, midomo imekuwa ya kijivu, yuavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini. Nasra ni msichana aliyesoma. Anafundisha hesabu skuli moja ya Kizingo, anaendesha gari yake mwenyewe, na mimi hujisifu naye kila wanapokutana watu wawili na mimi wa tatu. Siku ile alikuwa si mwalimu wa mtu. Alikuwa anatetemeka mpaka bangili zikalia.

"Leteni shuka," akasema mwanamke mmoja. "Na chetezo cha marehemu kiko pale chini ya kitanda. Huyu amepandwa na pepo, si bure." Mwengine tayari alikuwa ameinuka kwenda kutafuta makaa. Nikawaambia atakayemfunika mtoto huyu nitamfunika yeye kwa mkeka huu wa msiba na kumkalia juu. Wengine wakaficha kicheko ndani ya leso, lakini walinipisha. Nikampandisha Nasra roshani, polepole, nikamkalisha penye upepo, nikamfungua kifungo cha shingoni. "Nyanya, nakufa," akaniambia. Nikamwambia, "Hufi. Mimi nilikufa hivyo hivyo mwaka mzima na bado nala nashiba. Niambie ulikuwa ukitazama nini ulipoanza." Akashangaa kuulizwa. Akafikiri, na alipokuwa akifikiri pumzi zikaanza kumrudia moja moja. Aliyonieleza ni yake, siyasemi hapa, atayasema mwenyewe akitaka. Baadaye alikwenda kwa daktari, na daktari akampa jina, shambulio la hofu, akamuuliza lilianza lini, alikuwa wapi, alikuwa na nani, alikuwa amekula, alikuwa amelala. Nasra alinirudia na maswali hayo yote kama mtu aliyerudi na zawadi. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini usoni nilihisi joto la kitu kingine, kwa sababu mwaka wa sima ya manjano mimi sikuulizwa hata moja katika maswali hayo. Aliyeulizwa ni pepo.

Ya baba yangu na ya ukoo hayahusiki hapa. Yatosha kusema mimi na mama tulikuwa wawili katika chumba cha juu, Kuze, chumba kirefu chembamba chenye dirisha moja la kimia lililotazama dirisha la Bi Tima, karibu kiasi cha kuweza kupitishiana kijiko. Mama alishikwa na homa. Homa ilikuwa ikija na kuondoka, hatukuiona kitu. Asubuhi ile ilienea habari kwamba duka moja la jumla limeshusha unga, na mama, amelala, leso kichwani, akaniambia nende. "Nenda mapema, Maimuna. Na wakifungua mlango usisimame nyuma ukaona haya kama bibi harusi. Sukuma." Nikamuuliza nimwache vipi na homa. Akacheka, nakumbuka jino lake la pembeni. "Homa si bwana harusi, itanichukua wapi? Niwekee maji hapa karibu." Nikamwekea maji katika kata, nikafunga buibui langu, yale mabuibui ya zamani ya kitambaa kipana na kamba ya kichwani, nikashuka ngazi. Yamesemwa mengi juu ya asubuhi ile. Mimi nasema hivi, mama ndiye aliyenituma, na maji niliyaweka. Sitaki kusamehewa na mtu kwa kitu ambacho si kosa.

Duka lile lilikuwa na mlango wa chuma wa kukunjwa. Watu walikuwa wengi mpaka mwisho wa uchochoro, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwengine, lakini mlango ulipopandishwa kidogo tu pande zikaisha. Nilisukumwa mbele nikabanwa kwenye mgongo wa mwanamke mnene, mtu wa nyuma akakanyaga buibui langu, kitambaa kikanivuta uso, kikaniingia mdomoni. Nikivuta pumzi navuta nguo. Sikuona kitu ila weusi, nikisikia ule mlango ukigonga na watu wakiapa. Sijui nilikaa mule ndani ya nguo muda gani. Nilipotokea nilikuwa na mfuko wa unga kifuani, nimeukumbatia kwa mikono miwili, na kiatu kimoja kimepotea. Nilikwenda nyumbani mbio kwa furaha. Ndiyo, furaha. Nilikuwa nimeshinda watu wazima, nikitunga njiani namna nitakavyomsimulia mama, nitaanzia wapi, atachekea wapi.

Chini ya ngazi nikaona viatu. Viatu vya wanawake, vingi, vimepangwa ovyo, na nyumba imenyamaza. Nikapanda. Mama alikuwa amelala pale pale nilipomwacha, isipokuwa sasa alikuwa amefunikwa shuka nyeupe mpaka juu ya kichwa, na chini ya kitanda chetezo kinatoa moshi wa udi. Mama Mkubwa alikuwa amesimama miguuni pake. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akanibana, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usipige kelele, mwanangu. Ukimlilia kwa sauti wamuadhibu. Meza." Nikameza. Nilisimama na unga wangu kifuani mpaka mtu akaja akautoa mikononi mwangu, kidole kimoja kimoja. Jeneza likatoka, wanaume wakaenda nalo, wanawake tukabaki kwenye mikeka. Na kwa kuwa watu walikuwa wengi na mji hauna chakula, unga ule ule nilioupigania ukasongwa, ukaletwa kwa masinia. Watu wakala. Na mimi nikala, kwa sababu Mama Mkubwa alinitilia tonge mdomoni, na kumbe mtu aweza kumeza hata vile.

Nilikuwa nimeegemea ukuta wa jikoni niliposikia wanawake wawili wakizungumza upande wa pili, wakiosha masinia. Mmoja akauliza, "Na msichana alikuwa wapi hata mama mtu akakata roho peke yake?" Mwengine akajibu, "Foleni, ya unga." Maji yakamwagwa, wa kwanza akaendelea: "Wasema alikuwa akiita maji. Kata imeonekana imepinduka." Ndipo Bi Tima, sauti yake haikosewi, akawaambia, "Mwamla mtoto, na unga wake mushaula. Osheni masinia." Aliwanyamazisha, Mungu amlipe, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia. Yale maneno ya kata yaliniingia yakakaa, yakatafuta pahali pao pa kukaa karibu na ile nguo mdomoni na ile shuka nyeupe na kile kilio nilichomeza. Leo naweza kuyapanga hivi, moja baada ya moja, kama mtu anayetoa vitu kikapuni. Wakati ule hayakuwa vitu vinne. Yalikuwa donge moja na halikuwa na jina.

Lilijitokeza mara ya kwanza siku ya hitima ya arobaini, chumbani kwa Mama Mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyenichukua. Chumba kile nakijua mpaka leo kwa kufumba macho, samadari kubwa yenye ngazi yake ndogo, kasha la misumari ya shaba alimoweka nguo za kutokea, kioo kilichopasuka pembeni, vikombe vya kahawa vimepangwa rafuni midomo chini. Wanawake walikuwa wamejaa goti kwa goti, madirisha yamefungwa kwa sababu ya wanaume barazani, chetezo katikati. Ghafla moyo ukaanza kupiga kama wa mtu anayefukuzwa. Mikono ikafa ganzi. Koo likafunga, kuta zikanisogelea, na nikajua, kwa hakika ambayo sijapata kuijua kwa jambo jingine lolote, kwamba nakufa sasa hivi mbele ya watu hawa na sahani zao. Nilijaribu kufika mlangoni nikawakanyaga. Nilipozindukana nimelala chini na Mama Mkubwa ananipepea kwa kipepeo cha ukili. "Amekumbwa," akawaambia, na sauti yake ilikuwa na huzuni, lakini ilikuwa pia na nguvu, kama mtu aliyepewa kazi anayoijua.

Maana hiyo ilikuwa kazi anayoijua. Bi Rehema alikuwa mfukizaji, wanawake walimjia kutoka Majengo na mbali zaidi. Mgonjwa hukalishwa kwenye kibao, chetezo baina ya miguu, kikitiwa udi na ubani na mavumba yake mengine, halafu hufunikwa shuka gubigubi mpaka chini, moshi usipate pa kutokea. Wanawake humzunguka. Hali kitu tangu asubuhi, hunyweshwa kahawa chungu tupu, na akianza kutetemeka ndipo pepo anaposemezwa. Wapo waliosaidika, siwabishii. Mimi nilikuwa nina njaa, nina usingizi wa siku nyingi, nina kahawa tumboni inayopeleka moyo mbio, halafu nafungiwa ndani ya nguo nyeupe na moshi ule ule uliokuwa chini ya kitanda cha mama. Jamani, mtu angetaka kunitengenezea hofu kwa mkono asingeweza kuitengeneza vizuri zaidi. Nikavuta pumzi, navuta nguo. Nikapigana. Na kadiri nilivyopigana ndivyo walivyonishika, maana anayepigana ni pepo, na pepo akipigana ni dalili kwamba dawa imemfika.

"U nani?" aliniuliza Mama Mkubwa nje ya shuka, kwa sauti ya heshima anayosemeshwa mgeni. "Watoka wapi? Wataka nini kwa mtoto huyu?" Nikajibu. Nilikuwa natweta lakini nilijibu sawasawa, nikasema, "Nataka mama yangu." Halafu nikawasikia wakinong'ona, na mnong'ono ukageuka mabishano, kwamba basi jini huyu ni mdogo, ametengwa na mama yake, na je, huyo mama wa jini ni wa baharini au wa bara, kwa kuwa wa baharini hutaka halua na maji ya mawardi na wa bara hutaka kitu chekundu. Bi Tima alikuwepo, alikuja kwa kila kitu. Akasema, "Kama ni wa bara mpeni sima, ndiyo tele." Wakacheka. Mimi niko ndani ya shuka, nimewaambia shida yangu kwa maneno ya Kiswahili ambayo hata kasuku angeyaelewa, na wao wanamtafutia mama jini. Mara iliyofuata waliniwekea halua. Mashambulio yakazidi. Yalikuwa yakija kwa hitima, sasa yakaja hata nikiwa nachambua mchicha, hata nikisikia mlango wa duka ukishushwa. Walivyoona yanazidi, wakazidi kunifunika.

Nisimuonee Mama Mkubwa. Nataka anayesoma hapa ajue alikuwa mtu gani. Mchele ulipoadimika, alikuwa ameficha kidogo kwenye kopo chini ya kasha, akinipikia mimi peke yangu konzi moja, anikalie nile, yeye ale sima. Alinipaka mafuta ya nazi kichwani na kunisuka polepole ili nisiumie. Nililala naye kwenye samadari, na nikishtuka mkono wake ulikuwa umeshanifika mgongoni kabla sijafumbua macho. Mama yangu mwenyewe hakunidekeza vile, mama alikuwa mtu wa masihara. Na nimekuja kufahamu jambo moja ambalo wakati ule nililiona nikalipita. Bi Rehema hakumlilia dada yake. Alimwosha, akamfunika, akanizuia mimi, akazuia kila mtu, akameza kama alivyoniambia nimeze. Lakini kila aliponifukiza mimi macho yake yalichuruzika mpaka kifuani, akayafuta kwa ncha ya leso, na aliyemtazama akamwambia ni moshi. Hapo ndipo alipokuwa akilia. Hakuwa na pahali pengine. Nadhani alihitaji niwe na pepo, nadhani kwa dhati kabisa, kwa sababu pepo hufukizwa akatoka, na maiti hatoki kaburini kwa ubani wowote.

Nilikuja kujua langu mchana wa jua kali, uani, tukifua. Mama Mkubwa alikuwa anaanika. Alikamua shuka nyeupe, akaikung'uta hewani ikapiga mlio, ikafunguka yote mbele ya uso wangu, haijanigusa, na moyo ukaanza. Mikono ikafa. Nilikuwa mbali nayo kiasi cha hatua mbili, niko nje, juani, nimekula, upepo wavuma, hakuna moshi wala wanawake wala kahawa. Na katikati ya kutetemeka kule nikajisikia nikiuliza ndani kwa ndani, kwa ubishi wangu wa kawaida, pepo gani huyu anayeogopa nguo iliyofuliwa. Nikaitazama ile shuka. Sikukimbia mara ile, nilikamata ukingo wa karo ya kufulia nikaitazama. Ikanijia miguu ya mama chini ya shuka, imesimama juu, vidole vimeinua nguo kidogo. Ikanijia kata. Ikanijia ile nguo nyeusi mdomoni mwangu dukani, kwamba pengine saa ile ile nilipokuwa sipati pumzi ndani ya buibui, na yeye alikuwa hapati. Nikapiga ukelele. Niliufungua mdomo na kile kilichomezwa siku ya jeneza kikatoka chote, nikamlilia mama kwa jina lake, uani, mpaka Bi Tima, ambaye dirisha lake la nyuma lilitazama ua ule, akatoa kichwa. Mama Mkubwa alidondosha shuka kwenye mchanga. Alinijia anizibe mdomo, akafika, akasimama, mkono uko juu, hakunigusa. Nikalia mpaka nikaishiwa, nikalala pale pale kwenye ubao wa kufulia, usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Sisemi nilipona siku ile. Watu hupenda hadithi zenye siku moja. Yalirudi, yakarudi hata nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, na hadi leo sipendi kuvishwa nguo kichwani na mtu. Ila tangu siku ile nilijua yanatoka wapi, na kitu unachojua kinakotoka hakikuvamii, hukupigia hodi kwanza. Nikajua nikila asubuhi hayaji upesi. Nikajua kahawa si yangu. Nikajua nikikaa karibu na mlango nakaa msibani mpaka mwisho. Hayo ndiyo niliyomwambia Nasra roshani, na akaniambia, "Nyanya, mbona daktari naye kasema kula na kulala." Nikamwambia basi hana hasara daktari wake, amwendee tu.

Lililonigharimu si kujua. Lililonigharimu ni kumwambia Mama Mkubwa. Baada ya mwaka ule niliishi Majengo kwa mwanamke mshona kofia, nikajifunza kushona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, nikaolewa huko huko kwa mtu mzuri asiye na makuu. Bi Rehema hakuja harusini. Tulikutana kwenye misiba ya watu, nikamwamkia, "Masalkheri, Mama Mkubwa," naye akaitika, "Masalkheri," akageukia wa pili. Alipovunjika nyonga nilikwenda na nguo zangu nikae nimuuguze, mwanamke aliyekuwa akimsaidia akatoka mlangoni akaniambia, "Nimeambiwa nikwambie kuna watu wa kutosha." Nikarudi na mkoba wangu. Nilikwenda tena mfungo mwengine, nikarudishwa tena. Kwa hiyo nilimpata siku ya kumwosha tu, na miguu yake nikaiosha kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, mpaka mwoshaji akaniambia imetakata, bibi, imetakata.

Siku yenyewe niliyomwambia ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, chumbani kwake. Wanawake walikuwa wameshakaa. Dirisha limefungwa, kibao kiko mkekani, makaa yameshawiva mekundu na chetezo kimeanza kupumua. Niliingia kwa miguu yangu, nimevaa leso zangu nzuri, na nilikuwa nimekula kwa makusudi, kipande cha mhogo wa nazi jikoni kwa Bi Tima, ambaye alinipa bila kuuliza. Mama Mkubwa alikuwa ameshika shuka. Akanionyesha kibao kwa kidevu. "Kaa, mwanangu."

Nikabaki nimesimama karibu na mlango. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya shuka na ya kata na ya dukani, nikaona hayatapita. Nikasema, "Nitakula kwako, nitalala kwako, nitakuuguza ukizeeka. Kufunikwa sifunikwi."

"Pepo amesema," akanong'ona mmoja.

"Si pepo," nikamwambia. "Ni Maimuna. Nitazame vizuri, wanijua tangu natambaa."

"Na adabu zako zi wapi?" akauliza mwengine. "Wamjibu vipi aliyekutia tonge mdomoni?"

Bi Tima akasema kutoka kwenye kona yake, taratibu kuliko kawaida yake, "Mwacheni, kwani lazima? Mwaona yuwatetema? Hatetemi. Basi."

Mama Mkubwa hakuwasikia hao wote. Alikuwa ananitazama mimi tu. "Nimefanya hili kwa watu wasio damu yangu, wakapona," akasema. "Nitashindwa na wa dada yangu? Watasema nini? Rehema ameshindwa na wa ndani." Nilijua hilo nalo lilikuwa kweli, kwamba heshima yake yote mjini ilikuwa mle ndani ya kile chetezo. Akapandisha sauti. "Basi sikia. Ukivuka kizingiti hicho hujafunikwa, usikivuke tena kurudi. Kwangu hapana wa kulala na kitu asichokitaka kitoke." Wanawake wakainamisha vichwa. Jino langu la nyuma lilikuwa limeuma ulimi, nikasikia chumvi. Sikuwa na chumba kingine duniani, hilo alilijua, na mimi nililijua, na makaa yakapasuka kidogo.

Halafu uso wake ukalegea. Hilo ndilo lililokuwa gumu, si ule ukali. Akafungua ile shuka kwa mikono miwili, akaipanua, akaishika mbele yake namna mtu anavyoshika nguo kumpokea mtoto aliyetoka kuogeshwa, na macho yake yalikuwa yameshaanza kuchuruzika, na moshi ulikuwa bado haujamfika. "Mara hii tu," akasema. "Mara hii moja, Maimuna, kwa ajili yangu. Njoo, mwanangu. Mimi nimebakiwa na nani?"

Nilimtazama mpaka nikaweza kusema.

"Nitakula kwako, nitalala kwako, nitakuuguza ukizeeka. Kufunikwa sifunikwi."